Kumbukumbu ya mradi: "sycamore" sasa ni mistari mitatu

Hatimaye neno hili la Kiingereza, linalotaja miti mitatu tofauti, limetengana. Faharasa yetu ya kutafsiri majina ya miti kwa Kiswahili ilikuwa inang'ang'ania kuandika "mkuyu" kila linapotokea. Chanzo ni Luka 19:4: Zakayo alipanda mkuyu, na hapo tafsiri ni sahihi kabisa, maana mti ule ni Ficus sycomorus, mkuyu huuhuu wa kandokando ya mito yetu.

Mmarekani akisema "sycamore" hasemi mkuyu. Anasema Platanus occidentalis: gome linabambuka vipande na kuacha shina jeupe, tunda ni kijimpira kinachoning'inia kimoja kimoja kwenye kikonyo kirefu. Mwingereza naye anasema Acer pseudoplatanus, kama ule uliokatwa kwenye Ukuta wa Hadrian, ukuta wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, Septemba 2023. Nchi ya mwandishi nayo haikufaa kuwa ufunguo wa kuamua ni mti upi, kwa sababu Skotlandi huita Acer huyohuyo "plane", jina ambalo London ni la Platanus.

Dawa imekuwa kuweka jina la kisayansi safu ya kwanza, Kiingereza safu ya pili. Halafu chujio la kuamua ni mti upi, kwa mpangilio huu. Herufi kubwa katikati ya sentensi: usitafsiri, huenda ni mji wa Sycamore kule Illinois, au kichakataji cha kompyuta ya kwanta cha Google cha 2019 chenye kyubiti (biti za kwanta) 53. Tahajia "sycomore", yenye o, ya Biblia ya Kiingereza ya 1611: moja kwa moja Ficus. Kisha soma maneno kumi kila upande. Mbegu zenye mabawa ni Acer. Gome jeupe ni Platanus. Utomvu kama maziwa ni Ficus.

Umbo la jani usiliamini. Acer na Platanus yote yana jani kama kiganja, ndiyo maana mmoja ukaitwa pseudoplatanus, yaani platanus bandia. Tazama lilivyokaa kwenye kitawi: ya Acer yanakabiliana mawili mawili, ya Platanus yanapishana.

"Buttonwood", jina jingine la Kiingereza la mti huo, pia imeingia chini ya Platanus, kwa ajili ya Mapatano ya Buttonwood ya madalali 24 wa hisa wa Wall Street, New York, 17 Mei 1792. Ikitokea Florida, karibu na mikoko, usiiweke chini ya Platanus: huko ni Conocarpus erectus.

Lahajedwali nimeachana nalo. Linaruhusu majina mawili katika seli moja yakitenganishwa kwa mkwaju (alama ya /), na kosa linajificha hapo hapo. Faili la maandishi lenye tabo, jina moja kila mstari, linatosha.

Safu ya Kiswahili ya Platanus inabaki "Platanus". "Mkuyu wa Marekani" nimeukataa: msomaji atatafuta makuyu juu yake.

Neno lililofuata kwa zamu lilikuwa "ash", lakini limesogezwa. "Cedar" inavutia zaidi: Juniperus virginiana wa Marekani na mtarakwa wetu, Juniperus procera, yote miwili imechongwa penseli, yote huitwa "cedar", na hakuna ulio mwerezi wa Lebanoni. Mistari mitatu imeshafunguliwa.