Mustang ilivyokuwa inavuta kulia kwenye kuondoka, nilivyoitatua
Mustang yangu ya 1989, hapa Marekani, nilitoa ekseli ya nyuma ya inchi 8.8 nikafunga ya Ford ya inchi 9 na shokapu za koilova nyuma (shokapu iliyozungukwa na springi, kimo kinarekebishwa kwa nati), sababu ile ya zamani shafti zinashikwa na klipu ndani ya difu, shafti ikikatika tairi linatoka nayo, hatari tupu. Basi taa ya kijani ya kuanza mbio ikiwaka tu gari linavuta kulia. Kumbe nguvu ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu) inapindisha ekseli yenyewe, tairi la nyuma kulia linapungukiwa uzito, la kushoto linasukuma zaidi. Nikaweka mifuko ya mchanga siti ya dereva badala ya uzito wangu, nikapandisha nati ya springi ya kulia kidogokidogo, jaribu, pandisha tena, mpaka likaenda mnyoofu. Halafu nikapima upya pembe ya pinioni (gia ndogo ya difu inayoungana na propela), maana kimo cha gari kikibadilika nayo inahama.