Diski zilizokataa kugawanywa: nilivyoondoa mabaki ya RAID kwenye seva ya mtumba

Seva ilikuwa ya mtumba, yenye diski mbili za terabaiti 4 kila moja. Kazi ilikuwa kuiwekea Ubuntu Server, mfumo endeshi wa Linux, kwa ajili ya chama kidogo cha akiba na mikopo. Flashi iliwaka vizuri, lugha na mtandao vikapita, ila nilipofika kwenye ukurasa wa diski mambo yakagoma. Diski zote mbili zilionekana kuwa tayari zinatumika ndani ya kitu kinachoitwa md126, jina ambalo Linux huipa RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Sehemu ya kutengeneza patisheni, yaani vipande vya diski, haikukubali kubonyezwa.

Mama mhasibu aliyekuwa akinisubiri akauliza, "Fundi, si uzifomati tu?"

"Zimeshafomatiwa, mama. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Muuzaji alikuwa amefuta mwanzo wa kila diski, kama wengi wanavyofanya, akaamini imekuwa mpya. Lakini si kila alama hukaa mwanzoni. Jedwali la GPT, linaloorodhesha patisheni za diski, lina nakala yake ya akiba kwenye sekta za mwisho kabisa, na RAID ya Intel, ile inayowashwa kwenye BIOS (programu ya ubao wenyewe inayoiwasha mashine), huandika kumbukumbu zake mwishoni vilevile. Kwa hiyo Linux ikiwaka, mdadm, programu yake ya kusimamia RAID, inasoma mkia wa diski, inakuta habari za RAID ya zamani, inaiunganisha upya bila kuuliza mtu.

Nikabonyeza Ctrl+Alt+F2 kupata terminali. Amri ya kwanza haikuwa ya kufuta. Nilianza na lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL, inayoorodhesha diski, nikalinganisha namba za utambulisho (serial) na stika zilizobandikwa kwenye diski. Majina kama sda na sdb hayaaminiki, hubadilika mashine ikiwashwa tena, na siku hiyo sda ilikuwa flashi yangu mwenyewe. Diski ya tatu, ya chama chenyewe, iliyokuwa na nakala zao za zamani niliichomoa waya kabisa. Huo ndio ulinzi pekee ninaouamini.

Kisha lsblk -f ikanionyesha isw_raid_member, alama ya RAID ya Intel, kwenye sdb na sdc, na cat /proc/mdstat ikataja md126 pamoja na md127. Hapo ndipo wengi hukwama: wanatuma wipefs -a, amri ya kufuta alama hizo, inajibu kwamba diski inatumika, wanadhani diski imekufa. Haijafa, imeshikwa. Lazima RAID isimamishwe kwanza, tena kwa mpangilio: mdadm --stop /dev/md126, ambayo ndiyo RAID yenyewe, halafu /dev/md127, ambayo ni ganda linaloibeba. Baada ya hapo wipefs bila -a ikaniorodheshea alama zilizobaki, maana hivyo husoma tu bila kugusa kitu. Niliporidhika nikaongeza -a kwa sdb, kisha sdc. Nikawasha upya, nikaingia BIOS kuhamisha SATA (njia ya kuunganisha diski) kutoka RAID kwenda AHCI, hali ya kawaida ambamo kila diski hujitegemea, nikarudi kwenye flashi. Safari hii diski zilikuwa tupu kweli.

Kikwazo cha pili kilikuwa kidogo. Mashine hiyo ni ya zamani na inawaka kwa BIOS ya kawaida, si UEFI iliyokuja kuirithi. Jedwali la MBR, lililotangulia GPT, lenye sekta za baiti 512 haliwezi kuhesabu zaidi ya takriban terabaiti 2.2, hivyo kwa diski za terabaiti 4 sina budi kutumia GPT. Kwenye MBR, GRUB, programu inayoiwasha Linux, hujificha katika nafasi iliyo kabla ya patisheni ya kwanza. Kwenye GPT nafasi hiyo imeshachukuliwa na jedwali lenyewe, kwa hiyo GRUB inahitaji kipatisheni chake cha megabaiti 1, bila mfumo wa faili wowote. Ubuntu hukitengeneza yenyewe ukiichagua diski kuwa ya kuwashia, na usipoichagua haikuruhusu kuendelea. Nilizichagua zote mbili, si ya kwanza tu, kisha nafasi iliyobaki nikaiunganisha kuwa RAID 1 ya mdadm, ambayo huweka nakala ileile kwenye diski zote mbili.

Kwa nini zote mbili? RAID 1 hulinda data, ila GRUB isipokuwepo kwenye diski ya pili, siku diski ya kwanza ikifa utabaki na data salama kwenye mashine isiyowaka. Nilisubiri hadi mstari wa resync (kunakili kati ya diski) ukatoweka kwenye /proc/mdstat na kubaki [UU], yaani diski zote mbili ziko sawa, nikazima, nikachomoa diski ya kwanza, nikawasha. Ilisitasita kidogo, kisha ikafika kwenye jina la mtumiaji. Nikairudisha diski na kuiunganisha kwa mdadm --re-add. Kwa kuwa mdadm huweka bitimapu ya sehemu zilizobadilika, ilinakili tofauti tu, si terabaiti zote 4, na mama mhasibu akapata seva yake kabla ya ofisi kufungwa.