Wale Wapya na Matete Yetu

Jana binti yangu kaniuliza kwa nini mbele ya nyumba yetu pameachwa pori, wakati ng'ambo ya ghuba kila mtu kafyeka hadi majini. Nikamwambia akamuulize Babu. Hakwenda, ana simu. Basi nawasimulia ninyi.

Wale wapya walipohamia nyumba ya mwisho, Mama ndiye aliyesimamia mapokezi. Mnamjua Mama: kwake jirani hakaribishwi kwa maneno, hukaribishwa kwa kazi. Wanaume wakafika asubuhi na mapanga, wawafyekee matete yote ili wakikaa barazani walione ziwa. Yule mama mgeni akatoka, akasalimia mmoja mmoja, akashukuru, kisha akasema kwa upole kabisa, "Jamani, naombeni msifyeke."

Panga la Mjomba likabaki begani. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Kumekucha."

Mumewe akaona hatari, akaingia ndani, akarudi na picha iliyopigwa kutoka angani. Ziwa dogo la Ontario, Kanada, liitwalo Ziwa 226. Mwaka 1973 watafiti waliligawa kwa pazia. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakatia hizohizo na kuongeza fosforasi. Ule wa fosforasi ukawa kijani kwa mwani. Ule usiotiwa fosforasi haukugeuka. Fosforasi hiyo, akaeleza, imo kwenye mbolea za bustani zetu, kwenye maji ya vyoo, na kwenye udongo unaosombwa na mvua. Maji ya mvua yakipita kwenye matete hupunguza mwendo, na udongo mwingi hutua humohumo.

Mjomba akaitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena. "Namba? Wamekosa hata jina la kulipa ziwa?"

Watu wakacheka, na nadhani kicheko kile kilisaidia kuliko picha. Yule mama akavua viatu, akakunja gauni, akaingia majini hadi magotini. Sisi watoto tukamfuata. Akatenganisha mabua polepole kwa mikono miwili. Mwanzoni sikuona kitu: maji ya kahawia, utelezi wa kijani kwenye mabua, jani lililokufa likielea. Kisha nikaona macho. Macho matupu, nukta mbili mbili nyeusi zilizoning'inia kandokando ya bua, na nyuma ya kila mbili uzi wa mwili ambao ungeweza kuona ng'ambo yake. Akagusa maji kwa ncha ya kidole. Vikarukaruka, vikatulia tena palepale. Nikajikuta nimebana pumzi, nikiogopa hata kusogeza mguu, maana kama vilikuwa kwenye bua lile, basi vilikuwa pia pale niliposimama.

"Hawa ni watoto wa sama..." akaanza.

"Bado hawajaanza kula hao," sauti ikatoka ufukoni. Babu, aliyekuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa na ambaye hakuna aliyemwuliza lolote tangu asubuhi. "Hicho kifuko cha tumboni ndicho chakula chao. Kikiisha ndipo huanza kujitafutia. Ndiyo sababu baba yangu hakuniruhusu kutega nyavu humo."

Tukageuka sote. Mama akasema, "Baba, mbona hukuwahi kutuambia?"

"Niliwaambia. Mkasema nazeeka."

Mengine yalikwenda haraka. Wakakata njia moja nyembamba ya kufikia maji, mapanga yakarudi majumbani. Baadhi ya watu wakaacha mbolea za bustani. Mjomba akafyeka kwake wiki ileile, na hadi leo anafyeka. Kuna misimu ya joto ambayo mwani huja tu, kwa kuwa ziwa ni moja na wanaolizunguka ni wengi.

Kinachonikera ni kwamba maneno ya Babu yalihitaji mgeni mwenye picha ndipo yasikike. Au pengine Babu mwenyewe alihitaji kumpata mtu aliyeingia majini kabla ya kusema. Yule mama alikuwa akimfuata jioni baada ya jioni, akiandika majina ya mimea kwenye daftari, na sijapata kumwona Babu akiongea vile na sisi.

Siku hizi akihamia jirani mwingine, Mama humpeleka kwanza kwa wale wapya, tunaowaita hivyo hadi leo, wakamweleze habari za matete. Babu hununa. Kila mara huuliza mbona haanzi kuletwa kwake, na Mama hujifanya hakusikia.