Siku moja kwenye kaunta ya mabegi yasiyofika

Saa kumi na moja alfajiri napokea zamu. Mwenzangu wa usiku ananiachia mafaili ambayo hayajafungwa, ananionyesha mabegi yaliyoingia usiku yakisubiri wenyewe, kisha anaondoka bila maneno mengi, macho yamemwiva kwa usingizi.

Kaunta yangu iko pembeni mwa ukumbi wa mizigo, uwanja wa ndege. Hakuna anayeiona mpaka mkanda usimame na begi lake halipo. Sikulipokea begi hilo, sikulipakia, sikulishusha. Lakini mimi ndiye mtu wa kwanza abiria anayekutana naye habari ikishakuwa mbaya, na wengi hunitazama kana kwamba nimelificha chini ya meza. Naipenda kazi hii. Nataka watu waijue.

Hadi saa tatu ni simu, ujumbe kutoka viwanja vingine, na kupanga mabegi ya kupelekwa majumbani. Watu hudhani begi lisipoonekana limeshapotea. Mengi hayajapotea, yamechelewa tu. Ile lebo inayofungwa kwenye mpini ina namba ya tarakimu 10, na tangu Juni 2018 mashirika ya ndege yaliyo chini ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yanatakiwa kulifuatilia begi mahali panne: linapopokewa, linapopakiwa, linapohamishwa kwenda ndege nyingine na linaporudi kwa mwenyewe. Panapoharibika zaidi ni pale pa kuhamisha. Ndege ya kwanza ikichelewa, mtu anaweza kukimbia akaiwahi ya pili. Begi halikimbii. Linabaki, linangoja inayofuata.

Saa tatu na robo ikatua ndege ambayo abiria wake wengi walikuwa wamekwama usiku kucha uwanja mwingine. Wa kwanza kunifikia alikuwa mzee mmoja, shati limekunjamana, tiketi ameikamata mkononi mpaka imepinda.

"Binti, begi langu liko wapi?"

"Shikamoo mzee wangu. Pole na safari. Naomba ile stakabadhi ya lebo."

Shikamoo haikuitikiwa. Akapiga kaunta kwa kiganja. Amelipa nauli yote, amelala kwenye viti vya chuma, ndege ya kuunganisha imemwacha, na leo anaulizwa karatasi! Kila alichosema kilikuwa kweli, na hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Mtu anayekufokea mara nyingi ana haki ya kuumia, ila aliyemuumiza hayupo, uliyepo ni wewe.

Nikamuuliza begi likoje.

"Jeusi."

Kubwa au dogo?

"La kawaida."

Magurudumu mawili au manne?

"Unanifanyia upelelezi?"

Tuna chati yenye picha za aina za mabegi, inayotumika na mashirika duniani kote, kila umbo na alama yake. Nikamgeuzia achague. Akaisukuma. Foleni nyuma yake inarefuka, mtoto analia, mtu wa mwisho kabisa anauliza kwa sauti kama hapa hakuna msimamizi. Ninachofanya wakati kama huo ni kuweka kalamu chini, mikono juu ya kaunta, na kushusha sauti. Ukipandisha yako, naye anapandisha ya kwake, na begi halijatafutwa bado.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kitoroli cha mizigo, viatu amevivua. Safari yao ilikuwa moja, viti vya chuma vilevile, begi la wote wawili. Akainuka taratibu. "Mwanangu, subiri kidogo." Akafungua simu, akanionyesha picha: begi limesimama mlangoni, siku waliyoondoka. Zipu ya mfuko wa mbele imekatika kishikio, pamefungwa utepe wa kijani.

Nikamuuliza ndani mna nini. Akafumba macho, akawa kama analipanga upya. Juu kabisa kofia ya sufu ya mtoto, rangi ya chungwa, aliyoifuma mwenyewe kwa ajili ya mjukuu ambaye hawajawahi kumwona. Chini yake koti la bluu la mzee. Viatu vyeusi namba 43, kimoja kimejazwa soksi. Mzee akawa kimya. Kisha akasema polepole, "Na miwani yangu ya kusomea. Imo kwenye kasha la mbao." Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilonipa tangu afike.

Watu hukasirika nikiuliza yaliyomo. Lebo ikichanika, begi halina mwenyewe. Wafanyakazi wa huko liliko hulifungua, huandika walichokikuta, na mfumo uitwao WorldTracer hulinganisha maelezo yao na yangu. "Begi jeusi, nguo" ni kila begi. Kofia ya chungwa iliyofumwa kwa mkono ni begi moja. Ndiyo maana simwombi abiria atabasamu. Aliyelala uwanjani hana deni la tabasamu kwangu. Namwomba utulivu wa dakika chache tu, kwa sababu hasira hufuta kumbukumbu, na kumbukumbu yake ndiyo ninayofanyia kazi.

Nikawapa namba ya faili na kuwaeleza haki zao, maana ni wachache wanaoelezwa. Kwa safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lisipofika ndani ya siku 21 unaweza kulidai kama lililopotea. Likifika limeharibika, una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Tunza risiti za vitu vya lazima utakavyonunua. Na safari nyingine, dawa na vyeti visiingie kwenye begi la chini, lile unalolikabidhi kaunta kabla ya kupanda ndege, na jina lako liandikwe hata ndani ya begi.

Baada ya hapo saa zikachanganyika. Foleni iliisha, ikaja nyingine. Miguu iliwaka moto. Dada mmoja alilia bila kusema lolote, nikamwacha alie kwanza, fomu tukajaza baadaye. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu. Nilikuwa bado sijala, na jua sikuliona.

Jioni jioni hivi ujumbe ukaingia: begi jeusi, halina lebo, utepe wa kijani, kofia ya mtoto ya sufu. Lilikuwa limebaki kule walikokwama. Nikapiga simu, akapokea mzee. Nikamwambia limepatikana, linapanda ndege ya usiku, kesho litaletwa mlangoni. Akauliza, "Na kofia imo?" Nikamwambia imo. Nikasikia akimwita mkewe.

Wa zamu ya usiku akafika. Nikamkabidhi mafaili, nikaliweka juu kabisa la mwanafunzi ambaye begi lake lina vyeti vyake na halijulikani liliko. Nikamwambia ndege ya mwisho isipoleta kitu, ampigie hivyo hivyo, asiachwe akilala na simu mkononi.