Picha za bibi zimeingia kwenye kompyuta

Jamani, kuskani picha za ukoo ni kazi! Zile ndogo naziskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) ili zikikuzwa sura zisivurugike. Nakala kuu nahifadhi kwa TIFF, aina ya faili kubwa inayotunza ubora, za kugawa nafanya JPEG, ambayo ni nyepesi. Upande wa nyuma nao siuachi, maana ndiko bibi alikoandika majina na miaka kwa wino wa bluu, sasa umefifia hadi unakodoa macho kuusoma. Zilizoganda kwenye albamu za kunata nazibandua taratibu kwa uzi wa meno. Raha yenyewe ni shangazi zangu: wanabishana kwenye grupu yule mtoto aliyebebwa mgongoni ni nani, kila mmoja anadai ni yeye! Mnaotaka za kuchapisha semeni, nitawatumia kama faili, kwani zikitumwa kama picha zinabanwa na ubora unapungua.