Nyumba ya mnada hurudi mnadani

Chukua nyumba iliyonadiwa pale Nkuhungu, Dodoma. Benki iliyoishika kwa deni la mwenyewe inataka kuitoa vitabuni haraka, hivyo inamkopesha mnunuzi karibu bei yote. Milioni 40 kwa riba ya 18%, miaka 10, ni rejesho la takriban 720,000 kila mwezi. Mshahara wa milioni 1.2 hauliwezi, na afisa mikopo anajua fika.

Hapo bado hujaingia ndani: msingi una nyufa, nyaya zimeng'olewa, kodi ya pango la ardhi imelimbikizwa, mwenye nyumba wa zamani hajahama. Akiba inaishia kwa fundi, marejesho yanakwama, notisi ya siku 60 ya kulipa deni inafika. Dalali yuleyule, kipaza sauti kilekile.

Kabla ya kusaini, fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, kisha panda darini na fundi wako, si wa benki.