Mwea, Ubavu kwa Ubavu

Makanga alitaka shilingi 200 kwa kila baiskeli. Tukaelewana 300 kwa zote mbili, nami nikasimama pale Tea Room, kituo cha matatu mjini Nairobi, nikimwangalia anavyozifunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu, maana nimewahi kushusha baiskeli mwisho wa safari nikakuta rimu imepinda. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, saa kumi na mbili unusu asubuhi. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alikuwa ameshaingia ndani na kulala.

Nina miaka 11 naendesha baiskeli Nairobi. Anayeendesha baiskeli mjini mwetu huendesha kwa masikio. Macho yanatafuta mashimo mbele, masikio yanalinda mgongo. Lori unalijua kwa mngurumo, matatu kwa muziki, na kabla haijakufikia umeshajua kama inakuja kukupita au kukubana mtaroni. Ukifika kazini shingo ni ngumu kama umebeba maji kichwani. Watu hudhani kinachochosha ni miguu.

Mwea nilikuwa nimeipita mara nyingi nikienda mazishini na harusini Embu. Kila mara niliona dirishani vijia vinavyoiacha lami na kunyooka katikati ya mpunga mpaka vinapotea, na juu yake hakuna gari hata moja. Safari hii niliamua kushuka.

Barabara ya Thika na njia zake nane tuliimaliza upesi, kisha mananasi, kisha Kenol, na pale Makutano matatu ikaiacha barabara ya Nyeri ikakunja kulia. Joto lilianza kuingia madirishani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mwea ni chini yake kwa mita mia tano hivi. Ngurubani, mji wa Mwea, tulifika saa tatu. Ni kilomita 100 hivi kutoka nyumbani. Tukanywa chai na mandazi, tukajaza tairi upepo, tukauliza njia ya mfereji.

Hatua ya kwanza kuiacha lami, nilisikia kimya. Si kimya kitupu. Maji yalikuwa yakipita mferejini upande wa kushoto, cheni yangu ikilia kidogo (haikuwa na mafuta ya kutosha, nami sikuwa nimejua, maana Nairobi siisikii), na mbali watoto wakipiga kelele. Lakini nyuma yangu hapakuwa na kitu. Niligeuka mara tatu kuhakikisha. Baada ya kilomita mbili hivi nikaacha kugeuka, na mabega yakashuka yenyewe.

Njia ile ni ya changarawe iliyoshindiliwa, pana kiasi cha kupitisha trekta moja. Upande mmoja mfereji, upande wa pili majaruba, kila moja na tuta lake. Mpunga ulikuwa wa rika mbalimbali: huku umeinamisha masuke ya rangi ya dhahabu, kule bado kijani kibichi, na katikati jaruba moja ambalo ng'ombe wawili walikuwa wakilivuruga tope, yangeyange weupe wakiwafuata kwato kwa kwato. Hakuna kilima wala mteremko. Gia nilizibadilisha labda mara mbili asubuhi nzima.

Mpwa wangu akaja kando yangu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kuendesha baiskeli ubavu kwa ubavu na mtu. Mjini mmoja hutangulia na mwingine hufuata, na maneno mnayoambiana ni "shimo!" na "gari!" tu. Sasa tulikuwa tunazungumza kama watu waliokaa sebuleni. Tukaongea habari za gereji anapojifunza ufundi karibu na ilipokuwa Taj Mall, habari za mama yake, habari za mpira. Kisha akanyamaza, akasema, "Anti, kuna kitu sijakwambia."

Baiskeli anayoiendesha nilimnunulia mimi Februari iliyopita, ili asitumie nauli. Nyumbani kwetu ni Kariobangi South, na ukoo mzima nimeuambia jinsi anavyoenda kazini kwa baiskeli kila siku.

"Kutoka Mutindwa hadi Donholm siendeshi," alisema. "Hukokota. Kila siku, kwenda na kurudi. Kuna matatu ilinigusa mwezi wa tatu."

Sikujua la kumjibu. Barabara ya Outer Ring, anayopita kwenda kazini, ina njia ya baiskeli, nilimwonyesha hata yeye siku ya kwanza, lakini imejaa meza za mitumba, pikipiki zinazongoja abiria na magari yaliyoegeshwa, hivyo mtu hulazimika kuteremka katikati ya magari. Hayo niliyajua. Nilichofanya ni kuyazoea, nikadhani naye atayazoea. Nikamuuliza kama aliumia. Akasema alichubuka kiwiko, na mama yake alimwambia kwamba ni mashine ya gereji. Tukaendesha kitambo bila kusema, mfereji ukitufuata.

Ghafla kitu kikapita juu ya kofia yangu kwa mvumo mkali, nami nikaruka karibu niingie majini. Kumbe ni donge la udongo. Kijana mmoja alikuwa juu ya dungu katikati ya mpunga ulioiva, ameshika kombeo, akiamia ndege. Kundi la kwelea liliinuka kama moshi, likazunguka, likatua shamba la jirani, na huko mwingine akaanza kupiga mluzi. "Samahani, mama!" alipaza sauti. Anaanza alfajiri, alituambia, na hashuki mpaka giza. Kwelea mmoja ni mdogo kuliko kiganja, lakini hawaji mmoja.

Kwenye lango la maji tulimkuta mzee akizungusha mtaimbo wa chuma ili kupandisha kizuizi.

"Mzee, habari ya asubuhi."

"Nzuri sana. Mmetoka wapi na baiskeli zilizokonda hivi?"

Nilipomwambia tumekuja kwa sababu barabara ni tambarare na haina magari, alicheka, kisha akatueleza vizuri. Njia hii haikuchimbwa kwa ajili yetu, wala kwa ajili ya magari. Ilifuata maji. Maji yanatoka mito ya Nyamindi na Thiba inayoshuka kutoka Mlima Kenya, na yanafika majarubani yenyewe, bila pampu. Yanataka mteremko mdogo sana. Ukizidi yanakula kingo, ukikosekana yanalala. Kwa hiyo tambarare niliyokuwa naifurahia miguuni ilipimwa, na ikachimbwa.

Na waliochimba, alisema, hawakuuliza mshahara. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Miaka miwili baadaye watu waliokamatwa kwa ajili ya Mau Mau walikuwa hapa Mwea, wakichimba mifereji kwa jembe na sururu. Baba yake alikuwa kambi ya Gathigiriri. Baadaye alipewa ekari 4 za mpunga, na juu ya ekari hizo mzee wetu alizaliwa na kuzeeka. Sasa kuna bwawa la Thiba, lililokamilika mwaka 2022, ili walime zaidi ya msimu mmoja. Akanyoosha kidole kuonyesha mstari wa mfereji hadi unapokutana na mbingu. "Huu, kwa mikono," alisema. Mpwa wangu alishuka kwenye baiskeli wakati mzee anaongea, na alipanda tena tulipokuwa tumeshamwacha mbali.

Mvua ikatukuta upande wa Wamumu. Changarawe ilikuwa imeisha, tuko juu ya udongo mweusi wa Mwea, na tairi zangu ni za milimita 28. Hazikupita mita hamsini. Udongo ule ukilowa hautelezi tu, unapanda: ulishika tairi, ukajaa kwenye breki, gurudumu likasimama kabisa. Nilibeba baiskeli begani, nayo imekuwa na uzito wa mbuzi.

Mama mmoja alikuwa akitoka shambani na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, gunia la mpunga limefungwa nyuma. Hakuwa na tope hata kidogo kwenye rimu. Alisimama, akakata kijiti, akaanza kuchokoa breki zangu bila kuulizwa. "Mnaenda katikati," alisema. "Pita kwenye majani, dada, kwenye majani hapashiki." Akatuonyesha pia vishada vya rangi ya waridi vilivyogandamana kwenye mabua kando ya maji. Nilidhani ni maua. Ni mayai ya konokono, aliyeingia Mwea mwaka 2020 na anayekula miche ikiwa bado michanga. Mama yule alivikwangua kwa kijiti kilekile, kimoja baada ya kingine, mpaka tuta likaisha.

Tulifuata majani kilomita nne hadi changarawe tena. Saa tisa tulikuwa Ngurubani, kilomita 38 kwenye mita yangu, na kwa muda wote huo tulipishana na trekta mbili, pikipiki tano na mikokoteni ya punda ambayo sikuihesabu. Gari, hakuna. Tukanunua kilo 10 za mchele wa pishori kwenye mashine ya kukoboa, ungali na joto.

Matatu ya kurudi ilitushusha Allsops saa moja unusu usiku. Outer Ring ilikuwa imejaa hadi kwenye vibao vya maduka. Mpwa wangu aliwasha taa ya baiskeli yake, akaniangalia. Nilikuwa nimeshaweka mguu juu ya pedali. Nikautoa. Akashika upande wa ukuta, mimi upande wa magari, mchele juu ya keria yangu, tukaanza kukokota.